Mto Uliorudishiwa Bonde Lake

Mazungumzo ya leo yanahusu mto mmoja wa nchi ya mbali, mto ambao wengi wetu hatujapata kuuona wala kulisikia jina lake, uitwao Kissimmee, ulioko katikati ya jimbo la Florida katika Marekani. Na sababu ya kuuchagua huo, badala ya mito mikubwa yenye sifa na nyimbo, ni kwamba mto huo ulitendewa mambo mawili ambayo ni nadra kutendewa mto mmoja katika umri wa mtu mmoja. Kwanza ulinyoshwa kwa nguvu za mashine ukawa mfereji; kisha idara ile ile iliyounyosha, kwa idhini ya Bunge lile lile, ikarudi na mashine zake kuufukia mfereji na kuupa mto tena mizingo yake na bonde lake. Aliyekuwa kijana wakati wa tendo la kwanza aliweza, kama Mungu alimjalia umri, kuhudhuria sherehe ya tendo la pili akiwa mzee.

Mto huu hutoka katika msururu wa maziwa yaliyo kusini ya mji wa Orlando, hukusanya maji yake katika ziwa lenye jina kama lake, halafu hushika njia ya kusini mpaka ziwa kubwa la Okeechobee. Nchi ile ni tambarare mno. Mteremko wa bonde hauzidi sentimita 10 kwa kila kilometa, na maji yanapopewa mteremko mdogo kiasi hicho hayana budi kwenda taratibu, yakipinda huku na kujikunja kule, yakila ukingo wa upande mmoja na kuweka mchanga upande wa pili, hata mto mzima ukawa mizingo mitupu. Baina ya maziwa hayo mawili Kissimmee wa asili ulikwenda maili 103, yaani kilometa 166, kwa safari ambayo mtu mwenye kunyosha njia angeimaliza kwa kiasi cha nusu yake. Kando zake palikuwa na uwanda wa mafuriko wenye upana wa maili 1 hata 3, na katika mwaka wa kawaida maji yalipanda kingo, yakatandaa juu ya uwanda huo, yakakaa miezi mingi, kisha yakapungua kidogo kidogo pasipo kishindo. Humo walikuja bata-mwitu kwa maelfu kuikimbia baridi ya kaskazini. Humo walisimama kwarara weupe, yangeyange na korongo. Tai walijenga juu ya miti iliyouzunguka. Na samaki wa mkondoni walipanda kwenda kwenye majani ya uwandani, wakataga, watoto wao wakakulia katika maji haba yenye chakula tele.

Isidhaniwe kwamba kabla ya hapo hapana mkono wa mtu uliougusa mto huo. Mwaka 1881 tajiri mmoja wa Philadelphia, Hamilton Disston, alinunua kwa serikali ya Florida eka milioni 4 kwa bei ya senti 25 kwa eka, akaleta mashine za kuchimba, akayaunganisha maziwa ya juu kwa mifereji, na kwa miaka kadhaa baadaye merikebu za moshi zilipita katika Kissimmee zikichukua abiria na shehena. Nadhani manahodha wale walikuwa na maneno yao juu ya mizingo ile, ambayo humfanya msafiri wa asubuhi auone mti ule ule jioni kwa upande wa pili. Lakini reli ikaja, biashara ikahama majini, na mto ukaachwa kwa wafugaji, wavuvi na ndege. Disston aliigusa ncha tu ya jambo. Kiini chake kilingoja tufani.

Tufani zilikuja mbili mwaka 1947, moja mwezi wa Septemba na ya pili mwezi wa Oktoba, zikaikuta nchi imekwisha kushiba mvua, na sehemu kubwa ya Florida ya kusini ikakaa chini ya maji muda mrefu, mashamba yakaoza, mifugo ikafa, miji ikasafiri kwa mashua. Kilio kikafika Washington. Mwaka 1948 Bunge la Marekani likaidhinisha mradi mkubwa wa kuyatawala maji ya Florida ya kati na ya kusini, na Kissimmee nao ukaingizwa katika mradi huo kwa idhini ya mwaka 1954. Kazi ya kuchimba ilianza mwaka 1962 ikaisha mwaka 1971, chini ya Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, na badala ya mto wa maili 103 ukapatikana mfereji wa maili 56, wenye kina cha mita 9 na upana wa mita 90, ambao katika daftari za serikali haukuitwa mto tena bali Mfereji wa 38. Malango ya chuma yaliukata katika vidimbwi vitano vilivyoshuka ngazi kwa ngazi, na udongo uliotolewa ulirundikwa kandokando, juu ya uwanda wenyewe, ukawa vilima virefu vya kifusi. Vipande vya mkondo wa zamani vilivyosalia viliachwa kulia na kushoto, vimekatwa na mfereji, bila maji yaendayo.

Nataka niwatendee haki wahandisi wale, maana desturi ya wasemaji ni kuwasimanga waliopita kwa maarifa yaliyopatikana baada yao. Hawakuwa wajinga, wala hawakuwa na nia mbaya. Waliulizwa swali moja, nalo ni namna gani maji ya mvua kubwa yataondolewa upesi yasiwadhuru watu na mali, wakalijibu kwa ustadi mkubwa: mfereji wao ulifanya kazi uliyoagizwa. Hakuna aliyewauliza maji yale yalikuwa na kazi gani pale yalipokuwa, na maadamu halikuulizwa, halikuingia katika hesabu. Na ulimwengu wa wakati ule ulikuwa umewatangulia kwa mfano: Rhine wa juu, katika Ujerumani, ulinyoshwa tangu mwaka 1817 kwa michoro ya Johann Gottfried Tulla, ukafupishwa kwa makumi ya kilometa, na kwa karne nzima tendo hilo lilisifiwa kuwa ushindi wa akili juu ya tabia ya nchi, hata wakaaji wa sehemu za chini walipoanza kuona mafuriko yanawafikia kwa kasi wasiyoizoea.

Hasara ya Kissimmee haikungoja karne. Uwanda ulikauka, eka 30,000 na zaidi za ardhi oevu zikageuka malisho ya ng'ombe au vichaka. Bata-mwitu wa majira ya baridi walipungua kwa zaidi ya asilimia 90, na viota vya tai navyo vikapungua sana. Katika mfereji maji yalikuwa mengi, walakini yalikuwa yamesimama, yenye kina kisichofikiwa na jua, na chini yake kulilala tabaka la majani yaliyooza lililoila oksijeni yote. Hivyo samaki waliopendwa na wavuvi wakawa haba, wakatawala wale wenye uwezo wa kuja juu kumeza hewa, mfano wa kamongo wetu wa Ziwa Viktoria. Kadhalika maji yaliyokuwa yakitembea polepole katika majani, yakiacha matope na mbolea njiani, sasa yalishuka moja kwa moja mpaka Okeechobee, na uchafu wa malisho pamoja nayo. Ziwa hilo tayari lilikuwa limezungushiwa boma la udongo baada ya maafa ya tufani ya mwaka 1928, basi likawa linapokea upesi kile lisichoweza kukitoa upesi. Nitaje hapa, kwa njia ya kando, kwamba mwaka ule ule wa 1971 mfereji ulipokamilika, mwezi wa Oktoba, mji wa michezo wa Walt Disney ulifungua milango yake karibu na Orlando, kwenye kijito ambacho maji yake huingia katika maziwa ya juu ya Kissimmee. Na tangu hapo sakafu, barabara na mapaa ya nchi ile yamezidi kila mwaka, na kila paa humwaga mvua yake upesi kuliko majani yaliyokuwa hapo kabla yake.

Sasa na tusimame kidogo, tuufikirie uwanda wa mafuriko ni kitu gani, maana hapa ndipo dhana ya watu wengi inapokwenda kombo. Husemwa kwamba mto umefurika, kana kwamba umetoka nyumbani kwake na kuvamia mahali pa wengine. Ilhali bonde lile la pembeni, la tambarare, lenye udongo mweusi, liliumbwa na mto wenyewe kwa matope yake mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, kwa maelfu ya miaka. Uwanda kwa mto ni kama baraza kwa nyumba zetu za pwani: mwenye nyumba hashindi hapo mchana kutwa, lakini jioni atatoka aketi, na mtu aliyepata kulinunua baraza hilo mchana, likiwa tupu, asistaajabu jua likishuka. Maji yakipata mahali pa kuketi hupoteza kasi. Huzama ardhini na kuvilisha visima, huacha rutuba, na kile kiwango cha juu ambacho kingeuangukia mji wa chini kwa siku moja hugawanyika katika siku nyingi. Yakinyimwa mahali hapo hayapungui hata tone. Hupita tu, na mzigo wake wote humshukia aliye mbele.

Jambo hili si geni kwetu, wala halikuhitaji kufundishwa kutoka Florida. Warufiji walilijua tangu zamani, wakaishi nalo. Katika bonde la Rufiji mpunga hupandwa kwa mvua kabla gharika haijafika, ukue pamoja na maji. Gharika ikipungua, udongo ukiwa bado una unyevu, hupandwa mazao ya mlau, mahindi na mboga, ambayo hukua pasipo kungoja mvua nyingine. Na maziwa ya pembeni, kama Utunge, Ruwe na Zumbi, hujazwa samaki na maji yale yale ambayo mgeni huyaita balaa. Mkulima hujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu, akalinda shamba lake dhidi ya ndege na nguruwe, na maji yapite chini yake yakipenda. Mwaka 1968 gharika ilipozidi, serikali iliona huruma, ikawahamisha watu kutoka bondeni kwenda kwenye miinuko. Na watu walihama, lakini mashamba hayakuhama nao, hata wengi wakawa wanarejea bondeni kwa msimu, madunguni mwao, kwa sababu miinuko iliwapa usalama ikawanyima rutuba. Sisemi kwamba ilikuwa vibaya kuwaokoa watu na kifo. Nasema kwamba mwenye kuhesabu gharika kwa upande wa maafa peke yake hujikuta ameacha nusu ya daftari.

Turudi Florida. Mfereji ulikuwa haujatimiza hata mwaka wala rangi ya malango haijachakaa, pale mnamo Septemba 1971 mkutano wa mambo ya maji ulioitwa na Gavana Reubin Askew ulipotamka kwamba Kissimmee sharti urejeshwe hali yake. Miongoni mwa waliopiga kelele walikuwa Arthur Marshall, mtaalamu wa viumbe, na Marjory Stoneman Douglas, mwandishi wa kike ambaye kitabu chake juu ya vinamasi vya Everglades kilitoka mwaka ule ule wa tufani, 1947, na ambaye alikuwa na umri wa miaka themanini na ushei alipoingia katika vita hivi, akavipigana mpaka alipopita mia. Mwaka 1976 Bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuurejesha mto. Kutoka sheria hiyo mpaka chepe la kwanza la kazi kamili ilipita miaka ishirini na mitatu, na asiyeamini kwamba kuchimba ni rahisi kuliko kufukia na alinganishe muda huo na ile miaka tisa iliyotosha kuuchimba mfereji wote.

Walakini miaka hiyo haikupotea yote. Katika miaka ya 1980 paliwekwa kuta za chuma zenye pengo katikati, kukata mfereji katika sehemu mojawapo, ili maji yasukumwe kuingia tena katika vipande vya mkondo wa kale. Na wenye mashaka waliona kwa macho yao kwamba mto haukuwa umekufa. Maji yalipoanza kutembea yalifagia matope yaliyolala juu ya mchanga, mimea ya majini ikaanza kuota pale ilipokuwa ikiota, na viumbe wadogo wa mkondoni wakarejea. Wakati huo huo, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, palijengwa mfano mdogo wa mto na mfereji wake, maji yakapitishwa humo kwa vipimo, ili ijulikane ni dawa ipi iliyo bora: kuuziba mfereji kwa vizibo hapa na pale, au kuufukia mfululizo. Vizibo vilikuwa rahisi kwa gharama, na ndiyo sababu vilikuwa na marafiki wengi. Mfano ulionyesha kwamba katika maji makubwa vizibo vingechimbuliwa, na kwamba mfereji ukibaki wazi baina yake utaendelea kuunyonya uwanda. Basi ikakubaliwa ufukiwe mfululizo kwa maili nyingi, au kazi isifanywe kabisa.

Bunge la Marekani liliidhinisha mwaka 1992, gharama ikagawanywa nusu kwa nusu baina ya serikali kuu na idara ya maji ya Florida ya kusini, na kazi ikaanza mwaka 1999. Hapa pana jambo ambalo hunifurahisha kila nilifikiripo. Udongo uliotumika kuufukia mfereji ulikuwa ni kile kifusi chenyewe kilichotolewa humo miaka ya 1960, ambacho kwa kuwa hapana aliyekitaka kilikuwa kimelala kando, kimeota nyasi. Kikasukumwa kurudi shimoni kilikotoka, na kwa tendo hilo moja shimo likajaa na uwanda ukaondokewa na vilima. Mahali ambapo mkondo wa kale ulikuwa umefutika chini ya kifusi, au umekatwa na mfereji, wahandisi walichonga mkondo mpya kwa kufuata picha zilizopigwa kutoka angani kabla mfereji haujachimbwa. Malango mawili yalivunjwa. Kazi ilipotangazwa kukamilika mwezi wa Julai 2021, maili 22 za mfereji zilikuwa zimefukiwa, maili 44 za mto zikaunganishwa tena zikatembea, na maili 40 za mraba za mto na uwanda zikarejea katika njia ya kuwa kama zilivyokuwa. Gharama ilikaribia dola bilioni 1. Kuchimba mfereji kulikuwa kumegharimu zaidi kidogo ya dola milioni 30. Hata ukiondoa kupungua kwa thamani ya fedha, tofauti hiyo ni somo zito kwa mtia sahihi yeyote.

Mwenye kusikiliza kwa makini ataona kwamba maili 22 si maili 56. Ndivyo, na si kwa uvivu. Sehemu ya juu ya mfereji, iliyo karibu na maziwa, imeachwa kwa sababu watu wengi wamekwisha kujenga huko wakiutegemea, na sehemu ya chini, karibu na Okeechobee, imeachwa kwa sababu hiyo hiyo. Urejeshaji ulifanywa katikati, penye ng'ombe kuliko watu, na hata hapo idara ya maji ililazimika kujipatia zaidi ya eka 100,000 za ardhi, nyingine kwa kununua kabisa, nyingine kwa kununua ruhusa ya maji kupanda juu ya malisho ya mtu. Mimi huona kwamba kazi yenyewe ilikuwa hapa. Mashine za kusukuma udongo hupatikana kwa fedha kila mahali. Lakini kuketi na mwenye shamba mmoja mmoja, ambaye babu yake alipewa nchi ikiwa majimaji na yeye ameirithi ikiwa kavu, na kumwomba akubali iwe majimaji tena, hilo ni jambo la subira, la hati, la mawakili, na la heshima. Baadhi waliuza kwa hiari. Wengine walibishana miaka mingi, na ardhi nyingine haikupatikana ila kwa njia ya mahakama.

Na matunda? Mengi yalikuja mapema kuliko yalivyotazamiwa. Fukwe ndogo za mchanga zilijitokeza katika mizingo, jambo lisilowezekana katika mfereji, oksijeni ilipanda, bata-mwitu wakarudi katika maji ya uwanda mara tu yalipotanda, na kwarara na yangeyange wakaonekana kwa wingi uliozidi matumaini ya wale waliokuwa wakiwahesabu. Lakini si yote. Viota vya ndege wa majini vilibaki vichache kuliko walaji waliokuja kuvua na kuondoka. Katika sehemu nyingine za uwanda, mahali pa mimea ya zamani, palitangulia kuingia nyasi za kigeni, zikiwamo nyasi za malisho zenye asili ya bara letu la Afrika, zilizopelekwa kule kulisha ng'ombe na sasa zikistawi kwenye maji kana kwamba zilialikwa.

Sababu moja kubwa ya upungufu huo haimo katika umbo la mto hata kidogo, bali katika lango lililo juu kabisa, pale maji yanapotoka Ziwa Kissimmee, ambalo halikuvunjwa. Mto wa asili ulipokea maji kutoka maziwani taratibu, mwaka mzima, yakipanda polepole na kushuka polepole. Lango hufunguliwa na kufungwa kwa ratiba, na ratiba ya zamani ilitungwa kwa ajili ya mfereji, kwamba ziwa lishushwe mapema kabla ya majira ya mvua na kwamba mvua ikizidi maji yatolewe kwa mkupuo. Uwanda uliojaa juma hili ukakauka juma la tatu humdanganya ndege aliyekwisha kutaga na samaki aliyekwisha kupanda. Kwa hiyo katika mradi imo ratiba mpya, inayoruhusu maziwa ya juu kujaa kidogo zaidi ya zamani, ili pawepo maji ya kutoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Na kwa ajili ya nyongeza hiyo ya futi moja na nusu ya maji, ardhi ya kando ya maziwa nayo ilibidi inunuliwe, mkutano baada ya mkutano, na wenye nyumba za ufukweni wakauliza, wala si bila haki, nani atakayejibu siku tufani itakapolikuta ziwa limejaa. Mizingo imerudi, basi. Lakini ni mizingo inayongoja kila asubuhi uamuzi wa mtu aliyekaa mezani na vipimo vyake, na pengine itakuwa hivyo daima.

Nimesema mengi juu ya Florida, nanyi wa Dar es Salaam bila shaka mmekuwa mkiona mto mwingine katika fikira zenu. Msimbazi hautoki maziwani wala hauna tambarare ya Kissimmee. Ni mto mfupi, mkali wakati wa masika na mnyonge wakati wa kiangazi, utokao katika vilima vya Pugu na Kisarawe, upitao Vingunguti, Tabata na Kigogo, ukatandaa Jangwani, na kuingia baharini penye daraja la Selander. Uwanda wake wa mafuriko haukunyoshwa na Jeshi la mtu. Ulijazwa na sisi wenyewe, kifusi kwa kifusi, chumba kwa chumba, na serikali nayo haikukosa kuchangia, maana hapo hapo Jangwani ndipo kilipowekwa kituo kikuu cha mabasi ya mwendokasi, ambacho kwa miaka mingi kilifunikwa na maji mvua ilipozidi, na barabara ya Morogoro ikafungwa pamoja nacho. Mwezi wa Desemba 2011 mvua iliyoupiga mji iliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi zikapelekwa Mabwepande. Sasa umo mradi wa kuliendeleza bonde hilo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022, ambao michoro yake yataka mkondo upanuliwe, daraja la Jangwani liinuliwe, kituo cha mabasi kihamishwe, na katikati pawe na bustani kubwa ambayo maji yataruhusiwa kuilala yakija na ambamo watoto watacheza yakiondoka.

Mpango huo, kwa rai yangu, umeshika njia iliyo sawa, na nausifu; lakini mambo mawili ya Kissimmee yangefaa yawe mezani pa wenye kuutekeleza. La kwanza ni kwamba katika bonde la Msimbazi mwenye nyumba hupata fidia kwa nyumba aliyoijenga, ilhali mpangaji aliyelala chumba cha uani miaka kumi, na mama aliyeuza samaki mlangoni kwake, mara nyingi hawamo katika hati yoyote. Nao ndio watakaotafuta bonde jingine, la kijito kingine, lenye kodi nafuu, kabla bustani haijaota majani. La pili ni mchanga. Mchanga unaolijaza daraja la Jangwani haukuzaliwa Jangwani. Hushuka kutoka misitu ya Pugu na Kazimzumbwi iliyokatwa kwa mkaa, kutoka viwanja vipya visivyo na mitaro, na kutoka kingo zinazochimbwa usiku na wauza mchanga, na kila masika huinua kitanda cha mto kwa kiasi ambacho tingatinga la mwaka uliopita liliteremsha. Hapo juu, kama pale penye lango la Ziwa Kissimmee, ndipo itakapoamuliwa kama uwanda wa chini utakuwa bustani au jaa.

Saa yetu imefika ukingoni. Juma lijalo, Mwenyezi Mungu akitujalia uzima, tutaufuata Rufiji mpaka kwenye delta yake, tuone mikoko inapokea nini kutoka kwa maji ya bara, na inapata nini siku maji hayo yanapozuiliwa juu.